Uso wa Karatasi Namba Saba

Saa mbili na robo, Jumamosi asubuhi, simu ya fundi mkuu ilinikuta nikiwa na mtoto titini na penseli sikioni.

"Msanifu, salamu utanidai. Hii karatasi namba saba uliyonitumia, mbona haina mkono wa mhandisi?"

"Mkono gani, fundi?"

"Mkono wa penseli! Mhandisi aliniambia kwa kinywa chake kwamba roshani imebadilika. Zile nguzo mbili za chini zimeondoka ili gari la wagonjwa lipite, kwa hiyo nondo za juu haziwezi kubaki zile zile. Akasema ameandika yote kwenye karatasi namba saba, na karatasi ipo kwako. Hii niliyo nayo ni safi kama shuka jipya. Na nguzo bado zimo."

Nikamwambia anipe dakika mbili. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya, ananitazama.

Jengo lenyewe ni zahanati. Chini ni vyumba vya matibabu, juu ni wodi ya wazazi, na mbele ya wodi kuna roshani ya mita moja na nusu, ili mama aliyejifungua atoke na kichanga chake wapate jua la asubuhi. Roshani ile niliipigania mimi. Katika vikao vitatu watu walitaka kuifuta, na katika vikao vyote vitatu nilikuwa na tumbo la miezi minane, basi wakaona haya. Sasa bila zile nguzo itaning'inia hewani, imeshikwa na nondo tu zilizorudi ndani ya slabu, sakafu ya zege ya wodi. Na zege la slabu lilikuwa linamwagwa asubuhi hiyo hiyo.

Nikamlaza mtoto, nikafungua faili la kazi ninalokuja nalo nyumbani. Namba saba iliyokuwa humo ilikuwa safi. Nikaenda kwenye kapu la maiti.

Hapo lazima nieleze. Ofisini kwetu tuna utaratibu ambao hata mfagizi anaujua. Mhandisi wetu ni mtu wa penseli, na simu yake ni ya kitochi. Akishasahihisha ramani kwa mkono, mimi nayahamishia masahihisho yake kwenye kompyuta, na nikimaliza naikata ile karatasi ya penseli kona ya chini. Karatasi iliyokatwa kona imekufa. Haiendi kwa fundi wala hairudi kwenye faili. Maiti hizo bosi ameniruhusu nizibebe nyumbani, kwani anajua ninazifanyia nini, ingawa hapendi. Nazikatakata, nazipanga upya, nazibandika ubaoni mpaka zinakuwa picha. Ngazi nimeshaifanya gauni, vigae vya paa nimevifanya nywele, na zile robo duara zinazoonyesha mlango unavyofunguka nimezifanya vidole vya mkono. Siku nzima nachora mistari ambayo haina ruhusa ya kukosea hata sentimita; jioni mkasi unanipa pumzi.

Bosi wetu tunamwita Rula, maana hapindi. Aliwahi kusimama nyuma ya kiti changu akasema, "Mkasi na ramani havikai meza moja, mama. Siku vikigombana, utachagua." Hakurudia. Rula harudii.

Kapuni hamkuwa na namba saba. Ndipo nilipokumbuka.

Wiki iliyopita nilikuwa nimetafuta kipande cha kutengenezea uso. Picha yangu ilikuwa imebakiza uso tu: mwanamke amesimama kwenye dirisha la nyumba isiyokwisha. Nikachukua karatasi kapuni, kona imekatwa, imejaa penseli upande mmoja. Nikakata umbo la uso katikati, penye penseli, nikaligeuza kinyume ili upande mweupe uwe juu, nikalibandika. Penseli ikalala chini, kwenye gundi. Mabaki nikayatupa, na taka zimekwisha kuzolewa.

"Mama," nilimwita mama mkwe, aliyekuwa jikoni. "Zile karatasi za mezani wiki iliyopita, kuna uliyoigusa?"

"Niliyoigusa? Nilizipanga zote!" Alitokea akifuta mikono. "Ulikuwa umelala na mtoto kifuani, mdomo wazi, nikasema ngoja nimpunguzie mkwe wangu kazi. Moja uliisahau kuikata kona. Nikakukatia."

"Ulijuaje kama imekufa?"

"Kwani mimi kipofu? Zote ulizokata zilikuwa zimechorwachorwa penseli. Na hiyo ilikuwa imechorwachorwa kuliko zote! Zilizo safi uliziacha. Nikasema, basi hii chafu ndiyo iliyosahauliwa."

Ningemgombezaje? Macho yake yalikuwa yamesoma vizuri kabisa. Ni kazi yetu tu iliyo kichwa chini miguu juu: karatasi chafu ndiyo iliyo hai, mpaka mtu aseme vinginevyo. Na mimi, nilipokuta kona imekatwa, sikujiuliza. Nilidhani nimekwisha kuihamisha. Usiku wa mtoto mdogo unaweza kukufanya udhani umefanya mambo mengi.

Mama akaniangalia. Miaka thelathini alikuwa fundi cherehani. Uso wa mtu anausoma kama mshono. "Nimekata kitu gani, mwanangu?"

"Roshani, Mama."

Nilimpigia mhandisi. Simu imezimwa. Nikakumbuka yuko kwenye ndege tangu alfajiri, atashuka saa tisa. Nikampigia fundi mkuu.

"Gari la zege linatoka saa tatu," alisema. "Na zege lina umri, msanifu. Likishapakiwa lina saa moja na nusu, baada ya hapo unamwaga mawe. Niambie namba tu, mimi si mtoto. Nondo za ngapi, na zirudi ndani ya slabu kiasi gani? Mita moja inatosha?"

Niliwahi kuiona ile karatasi mara moja tu, siku ilipoletwa. Kichwani nilikuwa na kivuli chake: mshale, mstari mrefu, tarakimu. Moja na nusu? Ulimi ulikuwa tayari. Neno moja, na fundi angefunga nondo, zege lingemwagwa, picha yangu ingebaki ukutani, na hakuna ambaye angejua. Mpaka siku ambayo wanawake sita wangetoka kuota jua, kila mmoja na wake mkononi.

"Usimwage mpaka nikupigie," nikasema.

"Mimi namsikiliza Rula. Rula akisema mwaga, namwaga."

Hapo ndipo nilipaswa kumpigia Rula. Sikumpigia. Nilijidanganya kwamba nitakuwa na maandishi mkononi kabla gari halijafika, kwamba hakuna haja ya kuwasha moto kabla ya nyama. Picha ilikuwa kwenye ukumbi wa maktaba, dakika kumi kutoka kwetu, imetundikwa tangu jana na kazi za watu wengine ishirini na wawili. Yalikuwa maonyesho yangu ya kwanza. Majaji walikuwa wanapita saa tano.

"Nakuja na wewe," alisema Mama, tayari anamfunga mtoto mgongoni. Binti yangu ana miezi sita na tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu husinzia wenzake wanapofanya kazi. "Aliyetia mkasi ndiye atakayefumua."

Mratibu wa maonyesho alikuwa mlangoni mwa ukumbi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, anakunywa chai.

"Mapema hivi? Majaji bado."

"Nahitaji kuishusha kazi yangu, dada. Kidogo tu."

"Kazi ikishatundikwa haiguswi. Umetia saini. Kila mwaka kuna mtu anaamka asubuhi na wazo jipya. Mwaka jana mmoja alitaka kuongeza jogoo."

"Dada yangu," Mama akaingilia, "huyu hataki kuirembesha. Anataka kuiharibu."

Mratibu akaweka kikombe chini. Nikamweleza, kwa kifupi na kwa sauti ambayo sikuitambua: wodi, roshani, penseli iliyolala kwenye gundi. Alinisikiliza, kisha akavaa miwani akaenda kuisogelea picha yangu, akautazama ule uso mweupe kwa muda.

"Huu?"

"Huo."

"Ndio uliokuwa unanipendeza," alisema, na akaanza kuilegeza kamba ya kutundikia. "Iweke sakafuni. Si kwenye meza yangu."

Gundi yangu ni uji mzito wa unga wa ngano. Nilianza kuitumia kwa ajili ya mtoto, nikihofia zile za chupa zenye harufu kali. Uji hulegea ukipata maji ya uvuguvugu, na penseli haiogopi maji kama wino. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa matumaini yangu yote. Mratibu alileta birika lake la chai, maji bado moto. Tukachanganya na ya baridi kwenye sahani, nikalowesha kitambaa cha mtoto, nikakilaza juu ya uso.

"Usibonyeze," Mama alisema. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, Mheshimiwa analala mgongoni kichwa kimeegemea pembeni. "Kitambaa chenyewe kitafanya kazi."

Saa tatu na dakika ishirini. Tulisubiri. Nikainua ukingo wa kidevu kwa kucha, ukaja. Nikavuta kidogo tena, na nikaona kitu kilichonikata maini: karatasi ilikuwa inachanika katikati ya unene wake. Upande mweupe uliinuka kama ngozi ya kitunguu, na ule wenye penseli ukabaki umeganda kwenye ubao.

"Acha!" Mama alinishika mkono. "Acha, acha. Unavuta kama mtu anayekimbiza treni. Lete maji."

"Hatuna muda, Mama."

"Ukichana hutakuwa hata na karatasi. Toa mkono."

Akachukua nafasi yangu. Hakuvuta. Alilowesha, akangoja, akapitisha ukingo wa kadi ya maktaba aliyopewa na mratibu, unywele mmoja kwa wakati, kama anayefumua pindo la hariri. Mimi nilibaki na kazi ya kukamua kitambaa. Kwa mara ya kwanza niliiona picha yangu kwa karibu namna ile, mwanamke mwenye vidole vya milango, na maji yakimtiririka shingoni yanaingia kwenye gauni la ngazi. Ngazi zilianza kuvimba. Nikaacha kutazama.

Saa tatu na dakika hamsini simu ililia.

"Gari limefika," fundi mkuu alisema. Nyuma yake nilisikia mtungi wa zege unavyozunguka. "Rula yupo hapa, anauliza tunangoja nini. Nimwambie nini, msanifu? Mimi nimemwambia tunapanga mbao, lakini mbao gani hizo zisizokwisha?"

Mama alikuwa amefika kwenye shavu. Bado paji la uso, bado nusu nzima. Hakuinua kichwa. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mficha uchi hazai."

"Mpe simu," nikamwambia fundi.

Sauti ya Rula ilikuja, kavu. "Naam."

"Bosi, usiruhusu wamwage. Karatasi namba saba iliyopo hapo si sahihi. Masahihisho ya mhandisi hayakuhamishwa. Nondo za roshani zilizofungwa hapo ni za roshani yenye nguzo."

"Karatasi yenye masahihisho iko wapi?"

"Ilikatwa kona kabla ya kuhamishwa. Nikaikata. Iko kwenye picha yangu, bosi. Nimeibandika. Tunaibandua sasa hivi."

Mtungi ulizunguka, ukazunguka.

"Alikata kona nani?"

Nilimwona Mama vidole vikisimama.

"Karatasi ilikuwa mikononi mwangu," nikasema.

"Sikuuliza hivyo."

Kabla sijapata jibu, Mama alinyoosha shingo kuelekea simu na kusema kwa sauti ya mtu anayemwita muuza mkaa ng'ambo ya barabara: "Mkasi ulikuwa wangu, baba! Mimi ndiye! Na ukinipigia kelele sasa hivi mkono utatetemeka, nitakuchania!"

"Huyo nani?"

"Mama mkwe."

"Shikamoo, mama," alisema Rula, na nadhani ni mdomo wake uliotoka mbele ya akili.

"Marahaba. Ngoja hapo hapo."

Rula akarudi kwangu. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Nisikilize. Ningeweza kuanza kumwaga nyuma ya jengo nikasimama kabla ya roshani. Lakini nondo mpya zinarudi ndani ya slabu kiasi gani?"

"Sijui."

"Kwa hiyo sijui nisimame wapi."

"Hujui, bosi."

"Zege hili limepakiwa saa tatu kasoro dakika tano. Saa nne na dakika ishirini na tano nalimwaga shimoni, na tunaanza upya wiki ijayo, na nitaeleza kwa nini. Usikate simu."

Nikaiweka simu sakafuni, spika wazi, kando ya sahani ya maji. Sasa tulikuwa na mtungi ule chumbani, unanguruma polepole. Mratibu alikuwa amechuchumaa na sisi, kashika kingo za ubao. Mama alifika kwenye paji. Alilowesha. Alingoja. Nilihesabu pumzi za Mheshimiwa mgongoni kwake ili nisihesabu dakika. Mahali pamoja, karibu na jicho ambalo sikuwahi kulichora, karatasi ilikataa kabisa, na Mama akainama akapumua juu yake, hewa ya joto ya mdomoni, kama anayepuliza moto wa makaa lakini kwa upole wa kumpuliza mtoto jichoni. Ikaachia.

Uso wote ukainuka. Aliugeuza kwenye viganja vyake viwili akanionyesha, huku matone yakimchuruzika hadi kwenye viwiko.

Penseli ilikuwepo. Ya kijivu, imefifia, imepakwa uji, lakini ilikuwepo: ukingo wa roshani, boriti, mshale mrefu ukirudi ndani ya wodi, na mwandiko wa mhandisi ulioinama kama mtu anayepanda mlima.

"Soma," simu ilisema.

"Nondo za milimita kumi na sita. Ziwe juu. Kila baada ya sentimita kumi na mbili. Zirudi ndani ya slabu," nikainama karibu zaidi, "mita mbili na nusu."

"Rudia."

Nikarudia.

"Kuna mtu mwingine hapo anayejua kusoma? Si wewe, si mama."

Liliniuma, na nilistahili. Mratibu alivaa miwani, akainama, akasoma neno kwa neno, akimalizia na, "Mbili nukta tano, bwana. Mbili na nusu. Iko wazi."

Nilisikia fundi mkuu akipiga mluzi kwa mbali. "Mimi ningeweka moja."

Mimi ningesema moja na nusu. Nilikaa sakafuni.

"Pimeni mita tatu kutoka kwenye boriti," Rula aliwaambia watu wake, hata hakuniaga. "Weka ubao wa kuzuia hapo. Nyuma ya ubao, mwaga. Mbele, fumua." Kisha mngurumo ukabadilika, ukawa mwepesi, na nikajua zege limeanza kutoka. Ilikuwa saa nne na dakika nane.

Mratibu aliuliza picha airudishe ukutani au vipi. Tuliitazama sote. Mahali pa uso palikuwa na ubao mtupu, mbichi, na gauni lilikuwa limeinuka mapovu. Majaji walikuwa wanapita chini ya saa moja baadaye.

"Iegemeze tu mahali, dada. Nitakuja kuichukua."

"Nitaiweka palipo na hewa," alisema. "Na mwakani usitie saini kabla hujaamka vizuri."

Tulifika kwenye jengo kabla ya saa tano, uso umelala kati ya taulo mbili kwenye mapaja yangu. Rula hakunisalimia. Aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza kwenye kipande cha plaiwudi, akausoma mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu akampa fundi mkuu naye asome. Nyuma ya ubao zege la kwanza lilikuwa limeshasawazishwa. Mbele yake vijana wa nondo walikuwa wamepiga magoti, wanafunga waya, na nondo mpya zilikuwa zinang'aa kwa mistari, zikitoka kwenye roshani zinarudi ndani, ndani, mpaka pale ambapo siku moja kitakuwepo kitanda cha kwanza cha wodi.

"Shika mwisho huo," Rula alisema, akanirushia ncha ya futi ya chuma.

Tukapima moja baada ya nyingine, mimi upande wa roshani, yeye upande wa wodi. Mbili na nusu. Mbili na nusu. Ya tisa ilikuwa mbili na arobaini, akaamuru itolewe. Ikaletwa nyingine. Jua lilikuwa limepanda na jasho linaniingia machoni, na sikumwomba tupumzike, naye hakusema tupumzike. Tulipofika ya mwisho alikunja futi, akasimama ukingoni kabisa, mahali ambapo hapana kitu chini isipokuwa njia ya gari la wagonjwa na mbao za kushikilia kwa muda, akatazama chini.

"Ungeweza kunipa namba yoyote," alisema, bado amenipa mgongo.

"Ilikuwa ulimini."

"Ipi?"

"Moja na nusu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayeijaribu uzito ile namba. "Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu. Siahidi kitu."

"Ndiyo, bosi."

"Uje na mhandisi. Na yeye ana la kujibu, kuandika jambo kama hili mahali pamoja tu duniani." Akamwinulia mkono fundi mkuu.

Gari la pili lilikuwa tayari. Bomba likatikisika, likakohoa mara mbili, halafu zege likaja, zito, la kijivu, likazifunika nondo kuanzia ubao kuelekea mbele. Kutoka kibanda cha mlinzi, alikokuwa na Mama, nilisikia Mheshimiwa ameamka, na jinsi alivyokuwa analia, hakuhitaji mkalimani. Blauzi yangu ilikwishajibu kabla yangu. Madoa mawili ya maziwa yalikuwa yanatanuka kifuani mbele ya vijana wa nondo, na wote kwa adabu wakawa wanatazama mabuti yao.

Nilisimama nikitazama zege likitambaa. Nondo nane zilikuwa bado zinaonekana. Saba.

"Nenda ukanyonyeshe," Rula alisema. "Hapa nipo mimi."

Nikashuka ngazi ya mbao, mkono mmoja kwenye reli, mwingine tayari kwenye vifungo.